Neno Wanaloliruka

Jumamosi, 7 Februari 2004

Viti tena. Mkuu wa maktaba anataka mistari inyooke kama ya kanisani na meza za wasomaji zisukumwe hadi ukutani. Wa kusukuma ni mimi na tumbo langu. Nimenung'unika. Hakuna aliyesikia. Upepo ulikuwa umeingiza vumbi la Kitengela nzima ndani, nikafuta rafu, nikafuta tena.

Mhadhara wa mwezi huu: jinsi watu wa zamani walivyohesabu miaka bila kalenda. Mzungumzaji ni kijana mwembamba kutoka chuo kikuu, shati limemzidi. Nilijiambia nitakaa nyuma karibu na vitabu vya kilimo nisinzie kidogo. Sikusinzia. Alisema zamani mwaka ulikuwa na jina kama mtu. Mwaka wa nzige. Mwaka ng'ombe walipokwisha. Mtu akikuambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, amekutajia umri wake na pia amekueleza mama yake alimnyonyesha akiwa na nini tumboni. Nikashika tumbo langu bila kujua.

Hawakujaza hata nusu ya viti. Bi Halima alikuwa mbele, kama kawaida. Anauza nguo karibu na stendi, watu wake ni Wasomali wa Garissa, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi hufunga duka ili asikose mhadhara. Aliuliza maswali hadi mzungumzaji akaomba maji. Nampenda huyo mama na ananichosha.

Jumapili, 8 Februari

Yeyo amekuja kutoka Bissil na kibuyu cha maziwa. Yeyo ni mama mkwe wangu. Ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama, na kwa kuwa wangu mwenyewe alitangulia kabla sijaolewa, neno hilo nalitamka kwa raha kuliko ninavyoonyesha. Nina mmoja tu wa kumwita hivyo.

Ameahidi kuja Julai, mtoto akizaliwa. Atakaa nami, atanipikia supu, atanionyesha jinsi ya kumshika. Mume wangu, Lemayian, yuko Namanga wiki nzima kwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani, hurudi Jumamosi. Kwetu Bungoma ni mbali. Bila Yeyo niko peke yangu. Nimeandika hilo ili nilione, na sasa naliona.

Ananifunza Kimaasai polepole, mimi Mbukusu mwenye ulimi mzito. Wiki jana nilimwambia mama muuza nyanya sokoni eng'ida, yaani furaha. Akacheka. "Hiyo umefunzwa na nani? Si useme tu enchipai kama watu wengine!" Leo nimemuuliza Yeyo tofauti ni gani. Akaniomba chumvi.

Jumamosi, 6 Machi

Mzungumzaji hakufika. Gari lake limekufa huko Rongai. Watu wameshakaa, mkuu anatoka jasho. Kwa kukata tamaa akamwomba Bi Halima aseme chochote kuhusu majina kwao.

Akasimama. Akarekebisha mtandio. Akafumba macho na kuanza: jina lake, la baba yake, la babu yake, la baba wa babu. Akaendelea. Nilijaribu kufuata nikashindwa. Hakusita hata mara moja. Nje punda wa maji walikuwa wanapita na mikebe yao, ndani hakuna aliyekohoa. Wanaume waliokuja kusoma gazeti tu walikuwa wameliweka chini. Alipomaliza akafumbua macho, akatutazama kama mtu aliyetoka safari.

Akasema, "Kwetu mtoto anashika hii kabla ya kujua kusoma. Mimi nikisahau mmoja, huyo amekufa tena, na safari hii ni mimi nimemuua."

Huyu ndiye mama ninayemkuta akibishania bei ya leso! Amebeba umati wa watu kichwani kila siku akifungua na kufunga duka, na mimi nilidhani amebeba funguo tu.

Nimefikiria kwetu. Sisi hatukariri. Sisi tunamrudisha marehemu: mtoto akizaliwa anapewa jina lake, basi anaitwa tena aje kula. Mimi Nafula ni wa bibi yangu. Jina ni kitu kikubwa. Nimerudi nyumbani nikiwa nimelewa majina. Lazima wangu apate lake mapema.

Jumapili, 7 Machi

Nimeharibu kitu na sijui ni nini.

Yeyo alikuwa hapa, Lemayian pia. Chakula cha mchana, nyama na ugali, kila mtu ameshiba. Nilikuwa nimechagua. Kuna msichana wa shule anayekuja maktaba kusoma, mcheshi, anaitwa Nashipai. Mwenye furaha. Nikaona ni jina zuri, tena la Kimaasai, Yeyo atajua kwamba sitaki kumpeleka mjukuu wake Bungoma kwa jina. Nikasema kwa sauti, nikitabasamu kama mjinga: akiwa msichana, ataitwa Nashipai.

Yeyo aliweka kikombe chini. Hakukigonga, alikiweka taratibu. Lemayian akaangalia mlango. Nikadhani hawajasikia, nikarudia. Nikarudia! Yeyo akainuka, akachukua shuka lake, akatoka. Hakuaga. Kibuyu chake kimebaki hapa juu ya meza.

Lemayian amesema neno moja tu. "Wachana na hiyo jina." Nikauliza kwa nini. Akatoka kumfuata mama yake.

Jumanne, 9 Machi

Ameondoka jana kwenda Namanga. Nimemuuliza mara mbili, mara zote mbili alifungua mdomo akaufunga. Nina hasira naye. Mtu mzima wa kujieleza kwa maafisa wa forodha kutwa nzima, mbele yangu anageuka jiwe.

Jumamosi, 20 Machi

Lemayian amepita Bissil kabla ya kuja huku. Ujumbe: Yeyo hatakuja Julai. Ati magoti. Magoti yake yalipanda kilima mwezi jana kumtafuta ndama aliyepotea, alinihadithia mwenyewe.

Labda ni kwa sababu mimi si wa kwao. Labda wameona nachezea vitu vyao. Nimelia nikiosha vyombo. Halafu nikamkasirikia yeye pia, na kukasirika kulinisaidia zaidi ya kulia.

Jumamosi, 3 Aprili

Mvua. Udongo mweusi umekamata viatu vya kila mtu, sakafu ya maktaba ni shamba. Watu wachache. Mada: nyimbo za kubembeleza watoto. Mzungumzaji, mama wa makamo, aliimba za makabila mengi, moja ya kwetu ikiwemo. Ile aliyoniimbia mama.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye stoo ya magazeti ya zamani.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Lemayian ameenda Bissil, mimi nimebaki. Sikualikwa, sikukatazwa. Amerudi jioni bila maziwa. Mtoto anapiga teke kweli kweli sasa. Miezi inakimbia na mlango wa Yeyo haujafunguka.

Jumamosi, 8 Mei

Mhadhara umesogezwa wiki moja kwa sababu ya sikukuu ya wafanyakazi. Niandike polepole.

Mzungumzaji leo ni Daktari Seleina, mwalimu wa lugha chuo kikuu, mzaliwa wa huku huku Kajiado. Mama mrefu, miwani kwenye kamba, anacheka kwa urahisi. Mada yake: maneno yanayopotea. Nilidhani ni mambo ya vijana na Sheng. Nilikuwa napanga vikombe vya chai.

Alisema kuna familia za Kimaasai ambako mtu akifa, hasa akifa mapema, jina lake halitajwi tena. Hilo nilishawahi kulisikia kwa mbali. Lakini akaendelea. Alisema majina ya Kimaasai mengi yametoka kwenye maneno ya kila siku. Basi kama jina la marehemu limezaliwa na neno fulani, familia huliacha na neno lenyewe. Wanatafuta jingine la kuziba. Akatoa mfano wa mtu aliyeitwa kwa neno lenye maana ya laini. Alipokufa, watu wake wakaacha kusema laini, wakashika neno lingine, na watoto waliozaliwa baadaye wakakua wakidhani hilo ndilo neno. Alisema wengi siku hizi wameacha, wengine bado. Alisema ukitaka kujua nyumba imempoteza nani, usiulize. Sikiliza ni neno gani wanaloliruka.

Kikombe kilinitoka mkononi. Bahati kilikuwa cha plastiki.

Eng'ida. Miaka miwili Yeyo ananifunza na hajawahi hata siku moja kunifunza lile neno la sokoni ambalo kila mtu analijua. Lile ambalo jina la msichana wa shule limetoka humo. Alikuwa ananifunza Kimaasai cha nyumba yake. Na nyumba yake ina mtu.

Bi Halima aliinua mkono. "Daktari, sasa kama hamwataji majina, watu wenu waliokufa mnawaweka wapi?"

Daktari Seleina alivua miwani. Akasema, "Mama, wewe kila ukiwakumbuka unafungua mdomo. Sisi kila tukiwakumbuka tunafunga. Ni mara nyingi kama zako."

Bi Halima akatikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na swali la pili.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma na viti vyote vikabaki bila kukunjwa. Nyumba nzima! Baba, mama, watoto. Kila wanapofurahi, hapo hapo kwenye raha yenyewe, wanamkwepa, yaani wanamkumbuka. Kama mtu anavyoruka dimbwi la mbele ya mlango wake hata bila kuangalia chini. Miaka yote hiyo, bila mtu kukosea. Sijawahi kuona kazi kubwa kama hiyo inayofanywa na watu wanaopika chai na kukamua ng'ombe.

Na mimi nikaja nikalitaja mara mbili, nikitabasamu.

Jumapili, 9 Mei

Nimemuuliza Lemayian. Sikutaja jina. Nilisema tu, "Alikuwa dada yako?"

Alikuwa anafunga viatu. Aliacha kamba zikining'inia. "Ni yule mdogo wetu. Kitinda mimba."

Alinieleza, kwa vipande, akiangalia viatu. Alikuwa shule Kajiado. Homa. Walimleta nyumbani kwa gari la mwalimu, akafia njiani karibu kufika. Yeyo ndiye aliyekuwa amemshika. Sikujua hata kwamba alikuwepo. Kwao watoto hawahesabiwi kwa sauti, na picha hakuna. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia aje? Kukuambia lazima ningeitaja."

Hilo nimelizungusha kichwani siku nzima. Ukimya huu hauwezi kujieleza. Ukijieleza umeshavunjika. Hasira yangu yote kwake imeisha, nimebaki na aibu, na chini ya aibu kitu kama heshima ya kanisani.

Nimefikiria kurudi nyuma kwenye daftari hili nilifute lile jina kwa wino. Nimeacha. Mimi ni wa watu wanaoita. Lakini kuanzia leo sitaliandika tena, wala lile neno. Kwa Kiswahili nitasema furaha bila shida. Kwa Kimaasai nitasema kama Yeyo.

Alhamisi, 13 Mei

Sasa nitaombaje msamaha? Siwezi kusema nimekosea kulitaja jina la binti yako. Siwezi kusema nimejua. Kila sentensi ninayotunga inapita juu ya kaburi. Nimejaribu kuandika barua, mstari wa kwanza tu umenishinda. Bi Halima alipokuja kurudisha vitabu nilimweleza juu juu. Akasema niende nikae. Tu? Tu, akasema, kwao wageni wa msiba hukaa. Haikunisaidia sana. Naogopa. Julai iko karibu na bado namtaka.

Jumanne, 1 Juni

Madaraka. Maktaba imefungwa. Nimeenda Bissil na Lemayian, miguu imevimba kama mandazi.

Yeyo alikuwa nje anashona shanga. Niliinamisha kichwa akanigusa, hilo hakuninyima. Takwenya, akanisalimu. Iko, nikaitikia. Akaingia kupika chai. Lemayian akaenda kuangalia ng'ombe, mwoga yule. Tukabaki wawili tukinywa. Nilikaa. Nilikuwa nimekuja na hotuba tatu na hakuna hata moja iliyofaa mbele ya uso ule. Alishona. Nikamchagulia shanga nyekundu, akazipokea bila kuniangalia.

Kisha akaja jirani, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyeolewa huko hivi karibuni. Kuona tumbo langu akapiga makofi, akanimiminia baraka za Kimaasai, na katikati ya baraka, paa, lile neno. Akalirudia, maana ndiyo baraka yenyewe, nyumba ijae hiyo.

Sindano ya Yeyo ilisimama. Haikuwa muda mrefu. Ningekuwa nimekuja mwezi wa tatu nisingeona.

Jirani alikuwa ananingoja nijibu. Nikamshukuru kwa Kimaasai changu kibovu, nikasema ndiyo, Mungu atupe eng'ida. Eng'ida nyingi. Jirani akacheka, akasema mgeni huyu anaongea kama bibi kizee. Nikasema tena, eng'ida, ndivyo nilivyofunzwa nyumbani.

Yeyo aliinua macho. Aliniangalia muda mrefu kuliko alivyowahi kuniangalia, harusini ikiwemo. Sikuangalia pembeni. Halafu akarudi kwenye shanga zake.

Tulipoondoka bado alikuwa anashona. Sijui kama nimefungua au nimefunga.

Jumamosi, 5 Juni

Mhadhara: michoro ya mapangoni. Picha ukutani, swala wa maelfu ya miaka wanaokimbia. Watu waliguna kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza viti vimejaa, wengine walisimama mpaka mlangoni. Mkuu anajisifu. Bissil hakuna habari.

Jumamosi, 3 Julai

Nimekatazwa kusukuma meza. Nilikaa mbele kama mgeni, pembeni ya Bi Halima, aliyeniwekea khanga mgongoni. Mada sikuisikia vizuri. Mgongo unauma. Lemayian amepita Bissil, nimemuuliza, Yeyo amesemaje? "Aliuliza kama kuna mahali pa kufunga mnyama hapa plotini." Nikamwambia asinitanie. Naogopa sana leo.

Alhamisi, 8 Julai

Msichana. Juzi asubuhi. Mzima, ana nywele nyingi, ana hasira zangu. Manesi walikuwa wapole. Wanawake wengine wodini walikuwa na mama zao. Mimi nilikuwa na Lemayian, aliyekimbia kutoka Namanga akaruhusiwa dakika chache, akasimama kama mtu aliyeonyeshwa ikulu.

Ameniuliza jina. Nimesema bado.

Jumamosi, 10 Julai

Yeyo amekuja.

Nilikuwa kitandani nikasikia kelele plotini, watoto wanapiga mayowe, mwenye plot anafoka, na katikati ya yote mlio wa kondoo. Pikapu ya jirani yao wa Bissil. Yeyo amekaa mbele, wima, shanga zote. Nyuma kondoo jike mweupe, mnene, amefungwa kwa kamba ya katani, anaangalia Kitengela kwa dharau.

Akashuka. Akamvuta mwenyewe, magoti yake mabovu hayo hayo, mpaka kwenye mlango wangu wa chumba na sebule. Akaniwekea kamba mkononi. Nikiwa na leso tu kiunoni na mtoto begani, nikaishika. Akasema neno moja, "Paker."

Sikuelewa. Nilimwangalia Lemayian. Uso wake ulikuwa umeharibika, analia waziwazi mbele ya wapangaji wote, na alichukua muda kabla ya kunieleza. Kondoo kwao ni ker. Mtu akimpa mwingine kondoo kwa heshima, kuanzia siku hiyo mtoaji na mpokeaji wanaitana Paker, wote wawili, mpaka kufa. Majina yao hawaitani tena. Alipaswa kunipa zamani, alisema, tulipooana, lakini tulioana haraka mjini na mambo mengi yaliachwa.

Ameniweka mahali ambapo jina halihitajiki.

Jumapili, 18 Julai

Supu kila asubuhi. Kondoo amekula nguo ya mpangaji wa pembeni, tumemaliza kesi kwa maneno mazuri na soda. Mkuu wa maktaba ametuma salamu na ratiba ya Agosti. Wanataka mtu azungumze juu ya visima vya zamani.

Yeyo anamwogesha mtoto kwenye beseni, anamvuta pua, anamnyoosha miguu. Hamwimbii. Anavuma tu, mdomo umefungwa. Mtoto anamsikiliza kwa macho yote. Jina bado, watampa kwao kwa utaratibu wao, na mimi sina haraka. Nimemwambia Lemayian jina la mama yangu, kama watataka la pili. Amesema atampelekea mama yake.

Mchana huu nilikuwa ndani nanyonyesha, dirisha wazi. Jirani mpya aliyehamia chumba cha mwisho alikuwa bombani, akamuuliza Yeyo kwa Kiswahili, huyo mama wa mtoto ni nani wako. Nikasikia ndoo ikitua chini.

"Huyo ni Paker yangu," Yeyo alisema.

Jirani akauliza maana yake. Maji yakaendelea kutiririka kwenye ndoo, na Yeyo akaanza kumweleza, taratibu, kuanzia kondoo.